Vidonge vya Mgongo

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua imenyesha tena usiku wa kuamkia leo, na ndengu zimechomoza majani mawili mawili shamba zima. Kwa kuwa msimu umeanza vizuri, nimeona ni haki uwekewe kumbukumbu.

Mimi ni Mbula, mke wa Musembi, mkaazi wa nje kidogo ya soko la Kyuso. Mume wangu yuko Emali, ambako hupakia na kupakua mizigo ya malori, na hurudi nyumbani kazi ikimruhusu. Shule niliiacha darasa la saba. Kiswahili sanifu nilikitafuta mwenyewe, kwa taarifa za habari za redio, kwa Biblia, na kwa kunakili barua za watu waliosoma. Leo hii majirani huja kwangu niwaandikie maombi yao kwa chifu, kwa kamati ya maji na kwa walimu wakuu. Hakuna ombi langu lililowahi kurudishwa kwa sababu ya lugha. Kwa sababu nyingine, yamerudishwa mengi.

Juma lijalo tunaanza palizi kwa mwethya, yaani kundi letu la akina mama tunaofanyiana kazi za shamba kwa zamu. Sheria zake zinajulikana na wote. Anayekosa mizunguko miwili, wa palizi na wa mavuno, huondolewa kundini, na shamba lake halitaguswa na mkono wa mtu hadi mvua nyingine. Mwenye shamba hupika chakula cha mchana. Asubuhi, kabla ya mtu kushika jembe, humpa kila mmoja kikombe cha chai ya rangi na vidonge viwili vya maumivu, ambavyo sisi huviita vya mgongo. Chakula hakiliwi wakati huo, kwa sababu inaaminika kwamba tumbo likishiba mgongo hulala. Mwenye shamba asiyetoa vya mgongo husemwa msimu mzima.

Desturi hii ililetwa na mwenyekiti wetu, Mutanu, mwaka ambao mgongo wake ulikataa kuinama. Sikuwahi kuitilia shaka. Imetuwezesha kumaliza mashamba mengi.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Nimeandika ombi moja la karo. Hakuna zaidi.

Jumanne, 19 Novemba

Palizi kwa Ndunge, mwenzetu wa mwethya. Udongo ni laini na magugu yanang'oka bila ubishi.

Sina budi kumtaja wifi yangu Kanini, dada mdogo wa Musembi. Hakuolewa, amejenga upande wa pili wa mpaka wetu na analima kipande alichoachiwa na baba yake. Ndiye mwenye mikono myepesi kuliko sote, na ndiye mwenye mdomo mwepesi pia. Mimi ananiita Karani. Leo alipokuwa mbele yangu katika mstari alisimama mara kwa mara, akajikandamiza chini ya kifua kwa ngumi, kisha akatoa chupa ndogo ya maji ya magadi kwenye kiondo chake na kunywa. Baada ya hapo alipiga mbweu ndefu, wanawake wakacheka.

"Karani, andika hapo," aliniambia. "Andika kwamba Kanini amefukuza pepo wanne kabla ya saa nne, na mchungaji hajalipwa."

Nilimwambia kwamba kiungulia cha kila siku si jambo la mzaha na kwamba inafaa aende akapimwe. Alijibu kwamba magadi ni yaleyale tunayotia kwenye maharagwe yalainike, na kama maharagwe hayajafa, yeye hatakufa. Wote walicheka tena. Nami nilicheka, ingawa kwa kiasi.

Ijumaa, 22 Novemba

Palizi kwangu. Nilitoa chai na vya mgongo, viwili viwili, kama ipasavyo. Kanini aliomba viwili zaidi nami nikampa.

Jumatano, 27 Novemba

Naandika jioni nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali ya Kyuso.

Leo ilikuwa zamu ya Mutanu. Kanini alifika amechelewa, uso wake umekuwa na rangi ya majivu, na hakumtania mtu yeyote. Alimeza vyake viwili kwa chai, akaanza mstari. Jua lilipopanda nilimwona akipiga magoti. Nilidhani anang'oa gugu lenye mzizi mrefu. Ndipo akatapika, na alichotapika kilikuwa cheusi, chenye chembechembe, mfano wa majani ya chai yaliyobaki kwenye kichujio.

Mutanu alisema ni ile chai ya asubuhi imerudi. Sikumlaumu, kwa macho ilifanana hivyo. Lakini chai ile tuliichuja sote tukiona, na harufu iliyotoka pale haikuwa ya chai. Ilikuwa harufu ya machinjioni. Niliinama nikamuuliza Kanini kwa sauti ya chini kama kuna jambo jingine. Akaniambia kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami kwa siku kadhaa, naye alidhani ni magadi yanayomsafisha.

Hapo Mutanu aliacha kubishana. Alikwenda akang'oa mlango wa ghala lake, mlango wenyewe na bawaba zake, akautandika leso mbili, nasi tukamlaza Kanini juu yake. Pikipiki zilikuwa ng'ambo, kwa sababu mto wetu wa mchanga ulikuwa umejaa tangu alfajiri. Tulisimama ukingoni tukiyatazama maji yakipungua kwa uchoyo. Ndunge aliomba kwa sauti. Mutanu hakuomba, alichovya fimbo majini, akaitazama, akachovya tena. Maji yalipofika magotini alisema, "Twende," akashika pembe ya mbele, yeye mwenye mgongo ule.

Katikati ya mto Kanini alifumbua macho.

"Mwaitu," alimwambia Mutanu, kwa jina la heshima tunalowaita mama zetu, "mlango wa ghala umeutoa. Panya watakula nini usiku?"

"Watakula ulimi wako," Mutanu alimjibu. "Nyamaza usije ukatuangukia."

Hospitalini alipokelewa na Ismahan binti Hamud. Huyu ni mzaliwa wa hapa sokoni; baba yake ni mfanyabiashara wa mbuzi, naye mwenyewe alisomea utabibu akarudi kutibu kwao. Hakupoteza neno. Alimwekea maji ya mshipani, akauliza maswali mafupi, akauliza hasa kuhusu vidonge: vya aina gani, vingapi, kwa chakula au bila chakula. Nilimjibu kwa ukamilifu. Kila nilipojibu aliandika, na kila alipoandika niliona tunavyoonekana katika maandishi ya mtu mwingine.

Gari la wagonjwa limepatikana. Tunakwenda naye hospitali kubwa, penye kamera ya kuingizwa tumboni.

Ijumaa, 29 Novemba

Kanini yu hai. Ninaliandika hili kwanza.

Kamera ilipita kooni mwake na kukuta vidonda viwili. Kimoja kilikuwa kimefika kwenye mshipa mdogo wa damu, na hicho kilizibwa papo hapo. Pia wamepata kijidudu kinachoishi ndani ya ute wa tumbo. Atatumia dawa za kukiua kwa majuma mawili, na za kupunguza asidi kwa muda mrefu zaidi. Vidonge vya mgongo amekatazwa kabisa.

Nilimpigia Ismahan simu nikamwomba anieleze, kwa lugha ambayo naweza kuiandika, namna kidonge cha mgongo kinavyoweza kutoboa tumbo. Alinieleza kwa subira, nami nayaweka hapa kama nilivyoyaelewa.

Ukuta wa ndani wa tumbo umejengwa kwa seli, na kila aina ya seli imepewa kazi yake. Zipo zinazotoa asidi, kali kiasi cha kuchoma ngozi ya mkono. Zipo zinazotoa kimeng'enya cha kuvunja nyama na maharagwe, lakini hukitoa kikiwa kimelala, ili kisimle aliyekitengeneza. Huamka kikutanapo na asidi. Na zipo, nyingi kuliko zote, zinazotoa ute mzito unaotandazwa juu ya ukuta wote, ili tumbo lisijisage lenyewe pamoja na chakula. Seli hizo za ute hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache. Mtu mzima anatembea na ukuta wa tumbo ambao haujamaliza juma.

Nimeandika malalamiko juu ya ofisi nyingi. Sijapata kusikia ofisi inayotengeneza sumu na kinga yake chini ya paa moja, tena bila kelele, mchana na usiku.

Sasa, kidonge. Maumivu ya mgongo yanabebwa na mjumbe fulani mwilini, na kidonge humfunga mjumbe huyo. Lakini ndiye mjumbe yuleyule anayezitaka seli za ute ziendelee na kazi. Kidonge hakichagui. Mgongo unanyamaza, na ute unakonda. Tumbo likiwa tupu, hakuna hata chakula cha kuipa asidi kazi nyingine. Na magadi ya Kanini yalikuwa yakiituliza asidi kwa muda mfupi, akapata nafuu, akarudi shambani, na kidonda kikaendelea kuchimba.

Jambo la pili la leo. Tuliombwa watu wa kutoa damu. Nilitoa mimi, akatoa Ndunge. Mutanu alikuwa amesafiri tangu alfajiri kwa ajili hiyo, amevaa gauni lake la kanisani, na alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa nguo. Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akarudia. Kisha akamwambia kwa adabu kwamba damu yake mwenyewe haimtoshi, na kwamba inafaa atafute inakokwenda.

Mutanu alikunjua mkono wa nguo, akafunga kifungo.

"Damu ya mzee," alisema. "Ilitaka kuwa nyingi iende wapi?"

Wakati wa kushuka ngazi nilimwona akisimama kupumzika, akijifanya anatazama bustani. Nimemjua kwa miaka mingi kama mwanamke mwenye amri. Leo nimemwona mwanamke anayevuja bila kujua, ambaye alikuja kutoa kile asichokuwa nacho. Asubuhi nilikuwa nimemkasirikia kwa desturi yake ya vidonge. Hasira hiyo sasa sijui niiweke wapi.

Jumanne, 3 Desemba

Kanini ameruhusiwa. Yuko kwangu. Analalamika kwamba uji wangu hauna chumvi, sukari wala dini.

Jumapili, 8 Desemba

Baada ya ibada mwethya ulikutana katika uwanja wa kanisa. Nilikuwa nimeandika ombi, nalo nililisoma nikiwa nimesimama. Nilieleza kwa vifungu jinsi ukuta wa tumbo ulivyo, kazi ya asidi, kazi ya ute, na madhara ya vidonge juu ya tumbo tupu, kisha nikaomba kwa heshima na taadhima kwamba desturi ya vya mgongo isitishwe kuanzia mavuno ya Januari. Sijapata kuandika kitu kilichopangika kama kile.

Walisikiliza hadi mwisho. Mama mmoja aliuliza kama ute ninaousema ni ule wa bamia, wakacheka kidogo. Halafu Mutanu akasema, bila kunyanyuka:

"Maneno yako yamenyooka, Mbula. Migongo yetu ndiyo haijanyooka. Ndengu zikikauka haziningoji nipone. Sasa niambie, nani atainama?"

Nilitazama karatasi yangu. Jibu la swali hilo halikuwemo. Nilikuwa nimetetea tumbo kwa kurasa mbili na sikuwa nimeupa mgongo hata mstari mmoja.

Ndunge alisema anaogopa kumeza, lakini pia anaogopa kuachwa nyuma kwenye mstari. Mwingine akasema Kanini alizidisha. Hawakupiga kura. Mutanu alihitimisha kwamba kila mwenye shamba atafanya atakavyo, nayo sheria ya mizunguko miwili inabaki kama ilivyo, kwa mgonjwa na kwa mzima. Palizi Kanini ameikosa tangu tulipomvusha mto. Huo umehesabiwa mzunguko mmoja.

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka. Shamba langu liko zamu ya pili ya mavuno, baada ya la Ndunge. Kwangu hakitaliwa kidonge juu ya tumbo tupu. Nimeamua, wala sitarudi nyuma. Wasipokuja, nitavuna peke yangu, na kitakachopasukia shambani kitakuwa cha njiwa.

Jumapili, 15 Desemba

Mvua imekata. Ndengu zimetoa maua ya njano. Kanini amemaliza dawa za kuua kijidudu. Anaendelea na za asidi. Amekula ugali mara ya kwanza.

Ijumaa, 20 Desemba

Leo nimegombana na wifi yangu.

Nilikwenda nyumbani kwake, alikorudi juma hili, kumpelekea maji na uji, nikamkuta ndani ya shamba lake, ameinama, anang'oa magugu yaliyobaki. Alipojaribu kunyooka alishika kiuno kwa mikono miwili na midomo yake ikawa myeupe. Pembeni, juu ya jiwe, palikuwa na kikaratasi cha vidonge vinne. Vilikuwa bado havijafunguliwa. Nilivichukua nikavitia kwenye mfuko wa nguo yangu.

Aliniambia nivirudishe. Nilikataa. Akasema mimi nina mume Emali, na nikikosa ndengu atatuma chochote kitakachopatikana. Yeye hana Emali yoyote. Akikosa mzunguko wa mavuno ataondolewa kundini. Akiondolewa, mvua ijayo shamba hili litakuwa pori, na pori la mwanamke asiyeolewa halikosi ndugu wa kulitamani.

"Karani, nisikilize," alisema. "Tumbo likinitoboka nitakufa siku moja. Nikitolewa mwethya nitakufa kila siku, na watu wakinitazama."

Nilimwambia tu kwamba vidonge sirudishi. Alinifungia mlango. Nilisimama nje nikamwambia kupitia mlango huo kwamba uji uko kwenye chupa ya chai, anywe kabla haujapoa, na kwamba atavuna mwaka huu, mbele ya macho yao wote, bila kuinama. Nilikuwa nimeahidi jambo ambalo sikujua litafanyikaje.

Jumamosi, 21 Desemba

Kanini hajaja. Chupa ameirudisha tupu, ameiacha mlangoni kwangu.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimepata.

Tangu Krismasi Kanini amerudi kukaa kwangu mchana, bila kuomba msamaha na bila kuombwa. Leo alikuwa ameketi kwenye gunia, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, akichagua mbegu za zamani za ndengu kwa ajili ya chakula. Alikuwa akipiga domo, na mikono yake ilikwenda kama mvua. Hakuushika mgongo hata mara moja.

Kwetu ndengu huchumwa ganda kwa ganda. Tunapita shamba tumeinama, tunachuma yaliyokwisha kuwa meusi, tunaacha ya kijani. Baada ya majuma mawili tunapita tena. Kung'oa mmea mzima kunahesabiwa kuwa uvivu, kwa sababu yale ya kijani yanapotea. Lakini mtu mwenye nguvu akipita anang'oa, na mimea ikabebwa hadi kivulini, waliobaki wote wanaweza kuchuma wakiwa wameketi. Kitakachopotea ni mchumo wa pili. Kitakachobaki ni watu.

Nilimpigia Musembi. Nilisikia malori nyuma yake. Kisha akaniuliza kama najua mchumo wa pili ndio uliotuezekea jikoni mwaka jana. Nilimwambia najua. Akauliza kama dada yake anakula. Nikamwambia anakula.

"Basi ng'oa," alisema. "Lakini usiwaandikie tena. Waambie tu."

Jumatatu, 6 Januari

Maganda yameanza kuwa meusi. Mawingu yasiyo ya kawaida upande wa milimani. Mvua ikizinyeshea ndengu sasa, zitaota ndani ya maganda.

Ijumaa, 10 Januari

Mavuno kwa Ndunge, kwa mtindo wa zamani. Alipika uji kabla ya vidonge, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana. Watatu waliunywa. Mutanu alimeza vyake kwa chai, akatutazama. Kanini hakuweza kuja. Ndunge alisema atamhesabu kuwa amehudhuria ikiwa atavuna kwangu, Mutanu akasema ataliona hilo siku hiyo.

Jumanne, 14 Januari

Niliamka mawingu yakiwa yameshuka hadi juu ya miti. Nilipika uji wa wimbi, sufuria kubwa, nikachemsha muthokoi wa mchana, mahindi na maharagwe, nikatandika turubai mbili chini ya miti ya shambani. Kwa mchumaji yeyote hapakuwa na kidonge. Kanini aliketi juu ya turubai peke yake, ungo mbele yake, kama mfanyabiashara ambaye hajapata mteja.

Muda wa akina mama kufika ulipita. Hakuna aliyekuja. Nikaingia shambani nikaanza kung'oa. Mimea ilitoka na udongo wake, nami nikaikung'uta na kuibeba mzigo kwa mzigo hadi kwa Kanini. Hakunitania. Alichuma.

Ndunge alifika na wanne nyuma yake. Walisimama mpakani wakitazama mashimo niliyoacha. Mmoja alisema, akitaka nisikie, kwamba shamba limenyolewa. Nilikumbuka maneno ya Musembi, nikawaambia tu: uji uko tayari, wenye migongo mizima waje wang'oe na mimi, wenye migongo mibovu wakae na Kanini. Chakula kwanza.

Walikunywa. Wawili walikuja kwangu, watatu wakaketi. Baada ya muda nilisikia kicheko kutoka kivulini, kisha kingine. Shamba la mwethya siku zote huwa kimya kabla ya adhuhuri, kwa kuwa aliyeinama hana pumzi ya hadithi. Leo walisimuliana mambo ya ndoa tatu kabla sijamaliza mstari wa nne, na lundo la maganda lilikuwa likipanda.

Mutanu alifika wa mwisho. Alitembea polepole kando ya shamba zima, akaokota mmea mmoja, akahesabu maganda ya kijani yaliyoachwa juu yake kwa kidole.

"Hii ni hasara," alisema.

"Ni hasara, mwaitu," nilimjibu.

"Na umeifanya ukijua."

"Nikijua."

Alitazama mawingu. Alitazama turubai. Kisha akafungua fundo la leso yake, na niliviona mle ndani, viwili, vyeupe. Kanini alisogea akamwachia nafasi, akamsukumia kikombe cha uji bila kusema neno, jambo ambalo kwa Kanini ni kazi kubwa. Mutanu aliketi kwa hatua: mkono, goti, kiuno. Alikunywa uji akaumaliza. Akalifunga fundo tena vidonge vikiwemo, akavuta mzigo wa mimea mapajani, akaanza kuchuma, na kwa kuwa amefanya kazi hiyo tangu utotoni, hapana hata mmoja aliyemfikia.

Manyunyu yalianza tukila. Tulifunga magunia yote, yakaingia ndani makavu. Hayakuwa mengi kama ya mwaka jana.

Kabla ya kuondoka mwenyekiti husimama akaita majina ya waliofanya kazi, na asiyeitwa anajua maana yake. Mutanu alisimama mlangoni, leso kichwani kwa ajili ya mvua. Alisema kwamba kesho kutwa asubuhi hatakuwepo, kwa hiyo mavuno yake yatakuwa Ijumaa. Alisema kwake watachuma wakiwa wameinama, kama mama yake alivyochuma, isipokuwa wasioweza, na hao wataketi. Uji utakuwepo. Kisha akaita: Ndunge, na wale wanne, na mimi.

Halafu akasita. Nilisikia mvua juu ya mabati.

"Kanini."

Hakukuwa na jibu. Tuligeuka. Wifi yangu alikuwa jikoni, ameinamia sufuria ya muthokoi, anakwangua ukoko kwa kijiko cha mbao, mashavu yamejaa. Aliinua mkono wenye kijiko.

"Nipo," alisema, kwa kadiri tulivyoweza kuelewa. "Nina njaa tu. Endeleeni."

Mutanu alicheka, mara ya kwanza tangu Novemba. Wengine walipotawanyika alinivuta kando na kuniuliza, akiwa anatazama kwingine, kama ni kweli yule binti wa Hamud huwaona watu wa tumbo Alhamisi. Nilimwambia ni kweli.

Alhamisi, 16 Januari

Nimemsindikiza Mutanu hadi mlangoni kwa Ismahan. Aliingia mwenyewe.